Mwaka wa Mashine Mbili

Onduleri ilianza kulia siku ya pili ya matanga ya Papa Ndoole, saa nne asubuhi, umeme wa Goma ulipokatika. Kwa asiyekijua chombo hiki, ni kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda, na mkondo ukikatika hulia pii, pii, pii mpaka mtu akizime. Tulikuwa uani kwenye viti vya plastiki, mabakuli ya maharagi na birayi, yaani viazi, yakipita mkono kwa mkono. Muda mfupi kabla ya hapo Faida, binti aliyelelewa na marehemu, alikuwa amesimama kusema maneno yake ya kuaga. Alisema machache tu: "Papa Ndoole njo peke yake alinitafutaka mu hii dunia. Mama yangu hakukuyaka. Papa njo alinibeba." Yaani mama yake hakuja kamwe kumtafuta. Kisha akakaa mkekani. Onduleri ilipolia akainuka tena, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaelekea ndani, na kila mtu alijua anakwenda kufanya nini, maana kwa watu wa milima ya Masisi, hata waliohamia Goma, nyumba ya msiba haina kitu kinachopiga kelele: redio inazimwa, muziki unazimwa, hata kinu kinahamishiwa kwa jirani. Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Usizime!" Ilitoka kwa nguvu hata katekista akanyamaza katikati ya sala. Faida akageuka. "Juu ya nini, tantine?" Tantine, yaani shangazi, ndivyo anavyoniita. Nikasema nina simu inayochajiwa. Akaenda kuizima hata hivyo, na mimi nikamaliza birayi zangu nimeinamisha kichwa.

Watu hunitania kwamba kichwa changu ni ghala. Nakumbuka vyakula, rangi za pazia, nani aliketi wapi. Mwaka ule wa Masisi naweza kuuchora ukutani: chumba nilichopewa nyuma ya stoo ya dawa za hospitali, kilichonuka dawa ya kusafishia sakafu, kreso, na viazi; dirisha lisilo na kioo, lililozibwa kwa kipande cha hema; na kwenye rafu, zawadi ya daktari mkuu, jibini la mviringo ambalo panya walilianza kabla yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka tu kumaliza masomo ya informatiki, yaani kompyuta, Goma, na niliamini hakuna shida ya dunia itakayomshinda mtu aliyesoma akipewa umeme. Hospitali hiyo siitaji jina. Ilisimama juu ya mlima, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Nyamitaba, na ng'ambo ya bonde, juu ya mlima wa pili, kulikuwa na nyumba ya masista iliyopokea watoto waliopotezana na wazazi wao katika vita. Kati ya milima hiyo miwili palikuwa na mto, daraja la magogo, na darajani palikaa vijana wenye bunduki ambao walibadilishwa kila mwezi bila tabia yao kubadilika.

Kabla yangu kulikuwa na daftari, na kulikuwa na Papa Ndoole. Alikuwa mkulima wa maharagi, mrefu wa miguu, mlinzi wa nyumba ya masista. Kila jioni alibeba daftari la majina ya watoto chini ya shati, akavuka daraja, akasimama mlangoni pa hospitali na kuyasoma kwa sauti, na wazazi waliokimbilia kwetu walisikiliza wakishikana mikono. Mara nyingine mtu alianguka chini kwa furaha. Lakini masikio mengine pia yalikuwa yakisikiliza. Siku moja mtu alikuja akajiita mjomba, akapewa mtoto, na mwezi uliofuata mtoto yule alionekana darajani, bunduki imemzidi urefu. Baada ya hapo ikaamuliwa kwamba majina hayatasomwa tena hadharani, na mgeni hataingia vyumbani kutafuta kwa macho. Majina yangewekwa ndani ya mashine yenye neno la siri. Anayetafuta aulize, ajibiwe, ndipo apelekwe. Shirika moja likatoa mashine, na pamoja na mashine likanitoa mimi.

Mashine zilifika mji wa Sake kwa lori, na pale barabara ilipoishia zikapandishwa mlimani kwa kipoyi, machela ya mianzi wanayobebea wagonjwa, zimefunikwa blanketi kwa sababu ya mvua. Njia nzima wakulima waliweka majembe chini na kuvua kofia. Mama mmoja akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni muzee ao mutoto?" Nikamwambia ni mashine. Alicheka hata akashika magoti, akawaita wenzake: "Kuyeni muone! Banabeba mashine mu kipoyi! Iko mugonjwa ya nini?" Sote tulicheka, isipokuwa Papa Ndoole aliyeshika mti wa mbele. "Dada Aline," akaniuliza bila kugeuka, "hii njo inakuya kuniachisha kazi?" Nikamwambia inakuja kumpumzisha miguu. Wakati ule nilidhani nimempa jibu zuri.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa kifupi, kwa kuwa bila hiyo kosa langu halieleweki. Seva, yaani zile mashine za kutunza majina, zilikuwa mbili, moja kila mlima, na antena zilizotazamana juu ya bonde. Zote mbili zilishika majina yaleyale: jina likiandikwa huku, papo hapo linaandikwa na kule. Moja ndiyo ilikuwa mkubwa, ikijibu maswali. Ya pili ilikaa kimya ikisubiri. Kila sekunde zilitumiana ishara ndogo tuliyoiita pigo la moyo, yaani niko hai, niko hai. Mkubwa asiposikika kwa nusu dakika, mdogo anajua amekufa, anachukua nafasi yake, na anayeuliza hajui hata kama kuna kilichotokea. Jenereta ya hospitali iliishiwa mafuta mara kwa mara, na vita vingeweza kuumeza mlima mmoja siku yoyote. Nilitaka orodha ya watoto iwe ndicho kitu kimoja katika bonde lile kisichoweza kufa.

Siku ya jaribio nilikuwa kwa masista. Simu hazikuwa na mtandao, basi tulikubaliana muuguzi wa hospitali apeperushe shuka jeupe akishaizima seva ya kwao. Shuka likapepea. Tukahesabu kwa sauti, masista, Papa Ndoole na mimi, na tulipofika ishirini na nane taa ya mashine yetu ikawa kijani. Mama Vumilia, mpishi wa masista, dada mkubwa wa Papa Ndoole, alicheza na mwiko mkononi. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, iliyokolea mawese, na samaki wadogo wa ziwani alioagiza Sake kwa ajili ya siku ile. Baada ya chakula nilipumzika barazani, na ukuta wa jiko ulikuwa wa mbao tu, kwa hiyo niliwasikia ndugu hao wawili wakiosha masufuria.

"Ile mashine inajua mazina," Mama Vumilia alisema. "Sasa sura?"

"Sura haijue. Iko na mazina tu."

"Na mutu akikuya, hajue kuandika, analia, hasemi muzuri? Sisi tulikuwa tunaangalia sura. Mutoto anafanana na mama yake, unaona, unajua."

"Acha, dada yangu. Batu ya masomo banajua."

Nilicheka peke yangu pale barazani, nikiwaonea huruma. Ningelipa chochote leo ili niwe sikucheka.

Tena nilikuwa nimeonywa. Mwalimu wangu wa Goma aliniambia siku ya kuondoka, akikaza kamba ya mzigo wangu: "Mbili haitoshe, Aline. Siku mashine zitaacha kusikilizana, kila moja itawaza mwenzake anaisha kufa, na zote mbili zitajiita mukubwa. Weka ya tatu, hata kadogo. Kazi yake ni kushuhudia tu." Alinipa mashine ndogo ya tatu kwa kazi hiyo. Ilikuwa iwekwe kwenye kituo cha afya cha bondeni, panapoonekana kutoka milima yote miwili. Kwa hiyo zingekuwa mashine tatu, na ile isiyosikia wenzake wawili ingejua kwamba ni yenyewe iliyotengwa, ingefunga mdomo na kukataa kuandika. Ile ya tatu ilikaa wiki tatu ndani ya kasha lake chini ya kitanda changu. Kisha mvua ikaingia ofisini kwa daktari mkuu, ikaua kompyuta yake, naye akaja mwenyewe mpaka chumbani kwangu, akaketi kwenye kiti changu kimoja, akanisifu. "Weye njo akili ya hii hospitali," alisema. Halafu akaangalia chini ya kitanda. "Na ile, iko inafanya nini?" Nikasema inangoja kushuhudia. "Kushuhudia nini?" Nisingeweza kumweleza bila kukiri kwamba mashine zangu mbili zinaweza kudanganya, na nilikuwa bado naonja zile sifa. Nikampa. Aliandikia ripoti zake, na mchana katibu wake alichezea karata.

Miezi minne kila kitu kilikwenda. Wazazi waliuliza, walijibiwa, walipelekwa ng'ambo na muuguzi, walirudi wamebeba watoto mgongoni, hata wakubwa wasiobebeka. Papa Ndoole nilimfundisha kebo zote, bluu ya antena, njano ya seva, na kila asubuhi alizipangusa kwa kitambaa cha misa. Seva yenyewe ya masista ilikuwa ndani ya kabati la chuma lenye betri zake, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Onduleri ya antena ilining'inia nje, ukutani, karibu na jiko. Halafu masika yakaingia, mapigano yakawaka upande wa Walikale, watu wakaanza kumiminika, na katikati ya hayo yote Mama Vumilia akaanguka jikoni mbele ya sufuria ya maharagi, akafa kabla kipoyi hakijafungwa kamba.

Nilivuka kwenda kulia na Papa Ndoole saa chache, nikarudi hospitali kabla daraja halijafungwa. Nilipoondoka mawingu yalikuwa yamekaa juu ya paneli za jua za masista, na nyuma yangu, kama nilivyosimuliwa baadaye, onduleri ikaanza kulia. Mama Vumilia amelazwa chumba cha pili, wanawake wameketi sakafuni wameacha hata kusemezana, na kile kisanduku kinapiga pii, pii, pii. Papa Ndoole aliinuka akabonyeza kitufe. Alifanya alichofanyia redio dakika chache kabla. Mimi niliyemfundisha rangi za kebo sikuwahi kumwambia kwamba kisanduku kile kikizimwa, antena inakufa na mapigo ya moyo yanakatika, ilhali seva ndani ya kabati iko hai na betri zake. Desturi ile naijua tangu utotoni. Ila haikunijia akilini kwamba onduleri nayo inahesabiwa kuwa na mdomo.

Hospitalini mashine yangu iliniandikia kwamba mwenzake amekufa na kwamba yeye ndiye mkubwa. Sikushtuka. Nilifurahi, kwa kweli, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kazi yangu yote: mmoja akifa, tusishtuke. Ng'ambo, ile nyingine ikawaambia masista maneno yaleyale. Zote mbili zilikuwa hai, zote mbili zikijibu kwa uhakika, na kila moja ikaanza kuandika majina yake peke yake. Kama ya tatu ingekuwa mahali pake, ya masista ingekataa kuandika, masista wangerudia daftari, na mtu angelibeba kuvuka daraja jioni ileile kama zamani.

Alikuja asubuhi ya tatu ya matanga, mwanamke ambaye miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Hilo nalijua kwa sababu sakafu ilibaki na alama. Alisimama upande wa pili wa meza yangu.

"Niko natafuta mutoto wangu, dada. Faida. Iko na miaka sita."

Nikauliza jina lake na anakotoka.

"Riziki. Tunatoka Omate, bwana yangu anachimba kule. Tulikimbia na batu wengi. Mu pori njo nilimupoteza, alikuwa ananishika nguo."

Nikaandika. Hakuna. Nikajaribu kwa jina la mama, kwa jina la kijiji. Hakuna.

"Haiko, mama."

"Angalia tena, dada."

Nikaangalia tena. "Haiko."

"Na kwa masista? Banasema batoto banafika sana kule. Niende niangalie na macho yangu?"

Nilifikiria daraja, na wale vijana, na yale wanayowafanyia wanawake wanaovuka peke yao. Hiyo ni kweli, nilifikiria hayo. Lakini nilifikiria pia kwamba asiyeamini mashine yangu ananidharau. "Usichoke bure, mama," nikamwambia. "Mashine inajua milima yote mbili." Haikunijia kwamba tangu mashine ya ng'ambo iitwe mfu, hakuna jina jipya la kule lililokuwa limenifikia. Kulikuwa na watu nyuma yake kwenye mstari. Akasema, "Aksanti, dada." Akasema atashuka Sake, labda kule wamemwona. Nami nikaandika kwa utaratibu wangu mzuri: Riziki, wa Omate, anamtafuta binti yake Faida, amejibiwa hayupo, anaelekea Sake.

Siku ya nne matanga yaliisha, Papa Ndoole akawasha redio, akawasha onduleri. Antena zikaonana, na mashine zangu mbili, kila moja ikijiita mkubwa, zikakataa kusemezana. Nilivuka, nikafungua kabati kwa ufunguo wangu, nikaanza kuunganisha orodha kwa mkono, mstari mmoja wa huku, mstari mmoja wa kule, Papa Ndoole akinishikia taa. Kwa sababu nilizipanga kwa kijiji, mistari miwili ya Omate ikakaa juu na chini. Wa juu uliandikwa na sista, siku ya pili ya matanga: Faida, miaka sita, mama yake Riziki. Wa chini niliuandika mimi kesho yake. Niliisoma yote miwili kwa sauti kabla ya kuelewa ninachosoma. Papa Ndoole hakusoma. Alishaelewa, maana alianza kuangalia ukuta, pale kwenye kitufe. "Dada," akasema, "miye njo nilizima." Nikamwambia hapana, ni mimi. Tulibishana hivyo kwa muda, kila mmoja akitaka kosa liwe lake, na Faida alikuwa amesimama mlangoni amevaa sweta ya mtu mzima, anakula muhogo.

Kulipokucha Papa Ndoole alishuka Sake. Alisimama kila mlango wa kanisa, kila shule iliyojaa wakimbizi, akiita jina la Riziki wa Omate kwa sauti ileile ya zamani. Barabara ya Sake ilikuwa imeshambuliwa siku mbili kabla. Watu waliokuwa juu yake walitawanyika, wengine hawakutawanyika. Akarudi, akapanda Walikale, akafika mpaka Omate kwenye mashimo, akarudi baada ya wiki tatu amekonda. "Mumoja alisema alimuona, mwingine akasema hapana," aliniambia. "Bwana yake pia haiko." Mwaka mzima aliendelea kutoka, kila aliposikia jina linalofanana. Mtoto alibaki kwake. Mimi nilimnyang'anya daktari mkuu ile mashine ya tatu, kwa maneno ambayo hayaandikiki hapa, nikaiweka bondeni, na toka hapo mashine hazikukosea tena hata mara moja. Hakuna aliyenisifu na sikutaka sifa. Mwaka ulipoisha nilishuka Goma, na mimi na Papa Ndoole tulikubaliana, bila kukubaliana kwa maneno, kwamba mtoto asiambiwe kwanza, akue. Amekua. Ana watoto wake. Miaka yote hiyo kila mmoja wetu alimwachia mwenzake aseme, mpaka mmoja wetu akafa.

Wiki moja baada ya matanga nilimkuta Faida uani, anaosha masufuria ya kuazima kabla ya kuyarudisha. Sikuketi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, onduleri, mashine, mistari miwili. Nikamwambia kwamba yale aliyoyasema kwenye matanga siku ile hayakuwa kweli, na kwamba mwenye kosa ni mimi.

"Alikuya?" akauliza.

"Alikuya. Kesho ya siku weye ulifika. Alikutafuta."

Akaweka sufuria chini polepole. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari, hata nilitamani. Hakunitukana. Alijifuta mikono.

"Alikuwa anafanana namna gani?"

Nikafungua mdomo. Mimi mwenye kichwa cha ghala, ninayekumbuka jibini na panya, ninayekumbuka ishirini na nane na taa ya kijani. Nilitafuta uso, nikatafuta kitenge, nikatafuta kama alikuwa mrefu au mfupi.

"Sikumuangalia, Faida. Nilikuwa naangalia mashine."

Alivuta kigoda, akaketi mbele yangu, akanishika mikono yote miwili kwa mikono yake iliyolowa.

"Angalia tena, tantine," akasema.

Nikafumba macho, nikaangalia tena. Niliona meza. Niliona matope sakafuni, na kebo ya njano, na vidole vyangu juu ya herufi.